Subira na Mchujo: Lugha ya Mzazi Angojaye Matokeo ya Mtihani

1.0 Utangulizi

Suala la mtihani si geni katika fasihi ya Kiswahili wala katika uhakiki wake. Hata hivyo, wahakiki wetu wamezoea kulitazama kwa upande wa mwanafunzi, au kwa upande wa mfumo wa elimu na matabaka yanayozalishwa na mfumo huo. Mzazi, ambaye hakukalia dawati wala hakushika kalamu, huachwa pembeni kana kwamba hana la kusema. Makala haya yanakusudia kumrudisha mahali pake, na kuichunguza lugha anayoitumia katika zile wiki za kungoja, mtihani ukiwa umekwisha na matokeo yakiwa bado hayajatoka.

Tunaanzia Kinsevere. Kinsevere ni mahali penye mgodi wa shaba katika wilaya ya Kipushi, mkoa wa Haut-Katanga, kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji wa Lubumbashi. Huko jiwe huyeyushwa kwa asidi, likachujwa, na shaba safi ikakusanywa kwa nguvu ya umeme. Kinachobaki ni tope lisilokuwa na mteja. Mzazi wa Kinsevere, kama mzazi wa kijiji chochote kilicho jirani na mji mkubwa, huutazama mji huo kila mtoto wake amalizapo darasa la mwisho la shule ya msingi. Anajua kwamba mtoto naye ameingia katika mchujo, na hajui atatokea upande gani.

Hoja yetu ni hii: lugha ya kungoja aliyorithi mzazi wa Kiswahili ni lugha ya shamba, ambamo jasho la kila mtu huzaa mavuno yake mwenyewe, ilhali mtihani wa kuchuja hauendeshwi kwa kanuni za shamba. Tofauti hiyo isipotambuliwa, maneno ya kumfariji mzazi yanageuka kuwa hukumu juu ya mtoto.

2.0 Methali za Subira na Mantiki ya Shamba

Mzazi angojaye matokeo haambiwi maneno mengi. Huambiwa methali. Jirani atamwambia kwamba subira huvuta heri. Shangazi atasema mvumilivu hula mbivu. Mzee wa mtaa atakumbusha kwamba mchumia juani hulia kivulini, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hizi ni za kale, na uzuri wa lugha yake haubishaniwi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: zinaichukuliaje dunia?

Zote zinaichukulia dunia kama mahali ambapo kazi na malipo vimefungwa pamoja. Aliyeinama atakipata kilicho mvunguni. Aliyevumilia ataila iliyoiva. Zaidi ya hayo, hakuna hata moja kati yake inayomtaja mtu wa pili. Mkulima akivuna magunia kumi, mavuno hayo hayapunguzi gunia hata moja katika ghala la jirani yake; mvua ikinyesha, inawanyeshea wote wawili. Ndiyo maana methali ya subira yaweza kusemwa kwa mkulima yeyote bila uongo, na yaweza kusemwa kwa kijiji kizima siku moja.

Mtihani wa kuchuja una mantiki nyingine. Nafasi zimekwisha kuhesabiwa kabla mtoto hajaingia chumbani. Zikiwa ni 40 na watahiniwa ni 200, basi watoto 160 watakosa, hata kama wote 200 wameinama, wamevumilia na wamechuma juani. Juhudi zao zikiongezeka, kitakachoongezeka ni alama ya chini ya kuingilia, si viti. Hapa kupata kwa mmoja ndiko kukosa kwa mwingine. Kuwaambia wazazi 200 kwamba mvumilivu hula mbivu ni kuwaahidi 160 kati yao jambo lisiloweza kutimia.

Yawezekana mtu akajibu kwamba methali si hesabu. Kwamba asemaye hutaka kumtuliza mwenzake tu, na aambiwaye hulijua hilo. Jibu hilo lina ukweli, na tunalikubali kwa zile siku za kungoja. Tatizo linakuja siku matokeo yatokapo. Methali ile ile sasa husomwa kinyumenyume: ikiwa mvumilivu hula mbivu, basi asiyekula hakuvumilia. Mtoto aliyekosa hahitaji kuambiwa kwamba ni mvivu. Methali imekwisha kumwambia.

Haifai kudhani kwamba Kiswahili chenyewe hakijui jambo hili. Kiswahili ndicho kilichotupa pia ngoja ngoja huumiza matumbo, methali ambayo haimwahidi mtu chochote, bali inakiri tu kwamba kungoja kuna maumivu. Vilevile neno mtihani, lililotoka katika Kiarabu, limebeba maana mbili pwani: jaribio la shuleni, na msiba au taabu inayomfika mtu bila kosa lake. Mtu aliyeuguliwa husema amepata mtihani. Katika maana hii ya pili hakuna anayeulizwa alipata alama ngapi. Hazina ya lugha, basi, ni pana kuliko matumizi yetu ya kila siku.

3.0 Kufaulu na Kuchaguliwa

Ili kuliona tatizo hili vizuri, yafaa kwanza kuitazama nchi ambako mchujo ulikuwa wazi kwa tarakimu, ndipo turejee Lubumbashi ambako umejificha. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba watoto wasiozidi 13 katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi nchini Tanzania ndio waliopata nafasi ya kuendelea na sekondari. Wale 87 waliosalia, alisema, walitoka shuleni wakijiona wameshindwa. Uzito wa maelezo yale ni kwamba yaliuhamisha mzigo kutoka kwa mtoto kwenda kwa hesabu. Watoto 87 hawakuwa wavivu. Viti vilikuwa 13.

Lugha ya wazazi, hata hivyo, haikuhama. Kwa miaka mingi nchini Tanzania vitenzi kufaulu na kuchaguliwa vilitumika kana kwamba ni kimoja. Mtoto aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza alisemwa amefaulu. Asiyechaguliwa alisemwa amefeli, hata kama aliyajibu maswali yake vema. Tofauti ya kisarufi kati ya vitenzi hivi inaeleza mengi. Kufaulu ni tendo la mtoto mwenyewe. Kuchaguliwa ni kauli ya kutendwa, na kila penye kutendwa pana mtendaji: nani amechagua, na alikuwa na nafasi ngapi mkononi? Tulipolitumia neno la kwanza badala ya la pili, tulimficha mtendaji huyo. Baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004 kuzijenga shule nyingi za kata, nafasi ziliongezeka sana na maneno haya mawili yakaanza kukaribiana kwa haki. Kizazi cha nyuma kilikwisha kulipa gharama ya kuchanganywa kwake.

Uhakiki wa riwaya haukusalimika. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria na Regina wa Ukerewe wana binti anayekwenda kusoma mbali na nyumbani. Mijadala mingi juu ya riwaya hiyo imemhusu Zakaria kwa ukali na ulevi wake, na Rosa kwa kuporomoka kwake kimaadili. Ni mijadala ya haki. Lakini kiti cha sekondari katika zama zile kilikuwa kitu adimu kama tulivyokwisha kuona, na kitu adimu hubadili uhusiano wa mzazi na mwanawe. Ukali wa baba, woga wa mama na uzito wa aibu ya Rosa vingesomeka kwa undani zaidi kama tungekumbuka kwamba binti huyo amekikalia kiti ambacho wenzake wengi walikikosa. Mhakiki anayeianza safari ya Rosa kwenye lango la shule amekwisha kuuruka mchujo.

4.0 Lubumbashi: Mchujo Uliojificha

Tukirudi sasa Kongo, tunakuta hali inayoonekana kuivunja hoja yetu. Mtihani wa Serikali unaofungia elimu ya sekondari, ulioanzishwa mwaka 1967, si mtihani wa kugombania viti. Anayefikia nusu ya alama hupata diploma, na kufaulu kwa jirani hakumpunguzii mtu kitu. Je, si hapa basi ambapo mantiki ya shamba ingefaa?

Kwa maandishi ndivyo. Kwa maisha ya watu sivyo, kwa kuwa mchujo umesogezwa nyuma ya mtihani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipokuwa haitoshi tena kumweka mwalimu darasani, wazazi ndio waliombeba kwa michango yao, mwezi baada ya mwezi. Katika shule za msingi za umma hali hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019, elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa. Kwa miaka yote hiyo, mtoto ambaye mchango wake haukulipwa hakuandikwa kamwe katika orodha ya walioshindwa. Alikuwa hayumo katika orodha yoyote.

Katanga ina historia yake katika jambo hili. Union Minière, na baadaye Gécamines, ziliwajengea wafanyakazi nyumba, hospitali na shule, hata kampuni ikasemwa kuwa ndiyo baba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Miaka michache baadaye, 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba wa kampuni akajitoa, akabaki baba wa nyumbani. Huyo ndiye mzazi wetu angojaye, na matokeo anayoyangoja ni pia hesabu ya kila alichouza ili mtoto aendelee kusoma.

Kuna jambo la lugha hapa linalostahili utafiti. Bazazi, kama wasemavyo Lubumbashi, hungoja kwa Kiswahili, lakini matokeo huja kwa Kifaransa: zamani kwa redio na kwa orodha ukutani, siku hizi pia kwa ujumbe wa simu, asilimia moja kavu isiyo na maelezo. Hata shule mashuhuri za mji hubeba majina ya Kiswahili, kama Imara na Tuendelee, ilhali masomo yake ni ya Kifaransa. Mama asiyekijua Kifaransa hulazimika kumwomba mtu mwingine amsomee alichokingojea kwa miaka kumi na miwili.

Ndipo poda inapoingia. Aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na usoni, akazungushwa mitaani kwa nyimbo na vigelegele. Watazamaji wengi huiona desturi hii kama shamrashamra tu za vijana. Sisi tunaiona kuwa ni tafsiri. Poda huyageuza matokeo ya Kifaransa kuwa maandishi yasomwayo na kila mtu: bibi kizee, mchuuzi wa makaa, mtoto wa chekechea. Mama asiyejua kusoma, kwa siku hiyo, anajua kusoma.

Lakini maandishi hayo yana upande mmoja tu. Hakuna rangi ya aliyekosa. Yeye hukaa ndani, mlango umerudishwa, huku vigelegele vikipita barabarani. Na baba yake hukaa uani bila neno. Uso usio na poda nao unasomeka, na kila mtu anausoma. Fasihi yetu imekiacha kimya hicho kilivyo. Sanaa iliyo karibu zaidi nacho ni maigizo ya aina ya yale ya Kundi la Mufwankolo, ambalo kwa miongo mingi limeyaigiza maisha ya kila siku ya mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe. Maigizo hayo yanao ua wa nyumba kama jukwaa, na ua ndimo mzazi angojeapo.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba lugha ya subira, ilivyo njema, haitoshi mbele ya mchujo. Na kwamba mahali pengine mchujo huonekana katika hesabu ya viti, mahali pengine hujificha katika karo. Kutokana na hayo tunapendekeza maswali mawili kwa mhakiki wa kazi yoyote inayogusa mtihani. Kwanza, nafasi zilikuwa ngapi, na nani aliyezihesabu? Pili, jioni ya siku ya matokeo, nani amekaa nyumbani, na anaambiwa nini? Wanafunzi wetu wa isimujamii na fasihi simulizi wangefanya kazi ya maana kwa kuyakusanya maneno ya jioni hiyo, kuanzia Kinsevere hadi Ukerewe, kwa lahaja zake zilivyo na bila kuzisanifisha.

Huenda wakakuta kwamba neno linalofaa limekuwapo siku zote. Pole husemwa Lubumbashi kama isemwavyo Dar es Salaam. Tofauti na methali, pole haiahidi mavuno, haitafuti sababu wala haimtwishi mtu kosa. Inakiri tu kwamba mwenzako amebeba kitu kizito, na kwamba umekiona. Mtoto asiye na poda usoni anastahili kulisikia kwanza kutoka kwa mzazi wake, kabla methali yoyote haijatajwa.