Kushindwa peke yake haiko somo: waliberali wa India kisha 2019



India tunaijua juu ya filme, juu ya dawa za mu farmasi, na juu ya wenzetu walioenda kusoma kule. Siasa yake tunaisikia nusu nusu. Lakini kuko jambo moja la kule ambalo kila mutu mwenye diplome angelichungulia vizuri: watu wenye masomo mingi, wenye magazeti na vitabu, walishindwa uchaguzi wa inchi mara mbili mufululizo, na kila mara wakajieleza vibaya. Ile namna ya kujieleza njo nataka kukosoa leo.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Muliberali wa India ni mutu anayetaka serikali isiyofuata dini moja, magazeti huru, tribinali zisizoogopa wakubwa, na haki sawa kwa Muhindu, Muislamu, Mukristo na Dalit, sawa Katiba ya 1950 inavyoahidi. Chama kikubwa wanachotegemea, hata kama wengi hawakipendi, ni Congress. Mu 2014 BJP ya Narendra Modi ilipata viti 282 kati ya 543, Congress 44. Mu 2019 BJP ilipanda mpaka 303, Congress ikabaki na 52. Rahul Gandhi mwenyewe alipoteza Amethi, kiti cha familia yake, akaingia mu Bunge kupitia Wayanad, kule kusini.

Kisha pale kulisikika maelezo matatu. Tuyapime moja moja.

La kwanza: watu wamedanganywa. Ukweli uko ndani. Mu Februari 2019 waaskari 40 waliuawa Pulwama, ndege za India zikapiga Balakot mu Pakistan, na televisheni ikageuza kampanye kuwa vita. Feza nazo zilisema: zile bondi za kuchangia vyama kwa siri, ambazo Tribinali Kuu ilikuja kuzifuta mu Februari 2024, zilienda zaidi kwa BJP. Lakini angalieni hii. Mu Desemba 2018, miezi mitano tu mbele, wachaguzi wa Rajasthan, Madhya Pradesh na Chhattisgarh walikuwa wameipa Congress serikali za majimbo yao. Mu Mei 2019 yale majimbo matatu yalikuwa na viti 65 vya Bunge la inchi, Congress ikapata 3. Mulimaji mumoja hawezi kuwa mwenye akili mu Desemba na mujinga mu Mei.

Nini ilitokea katikati? Pamoja na vita, kulikuwa kitu cha mukononi. Mu Februari 2019 serikali ilianza kutuma rupia 6,000 kwa mwaka kwa walimaji wadogo, mu mafungu ya 2,000, moja kwa moja mu konti ya benki. Mbele ya kura fungu la kwanza lilikuwa limefikia wengi. Congress nayo ilitangaza mupango wake mu mwisho wa Machi, kura zikianza tarehe 11 Aprili: rupia 72,000 kwa mwaka kwa familia maskini zaidi. Kwa hesabu ile ya Congress ilikuwa mara kumi na mbili. Lakini mulimaji alilinganisha 2,000 aliyoishika na 72,000 aliyoisikia, kutoka kwa watu ambao hawakupita kwake tangu uchaguzi uliopita. Pale mimi sioni ujinga. Ni mutu anayejua nani anarudi na nani harudi.

La pili: tubadilishe kichwa. Rahul Gandhi aliacha uongozi wa chama mu 2019, mama yake akashika kwa muda, muda ukawa miaka mitatu, mpaka Mallikarjun Kharge alipochaguliwa mu Oktoba 2022. Miaka mitatu ya kuzungumzia kichwa, wakati miguu haiko. Sasa angalieni upande wa pili. BJP mu 1984 ilipata viti 2. Mbili tu! Lakini nyuma yake kulikuwa RSS, iliyoanzishwa mu 1925 kule Nagpur, na watu wake wanaokusanyika kila asubuhi mu kartie kwa mazoezi na mafundisho, na masomo yao, na sendika yao, na chama chao cha wanafunzi. Mafundisho yao mimi siyakubali hata kidogo, juu yanamuweka Muislamu nje ya nyumba alimozaliwa. Lakini kazi ni kazi. Wao hawakungojea kampanye ili wamujue mutu jina.

La tatu: tumuige mupinzani. Kama watu wanapenda dini, nasi tuingie mu hekalu na kamera. Kamal Nath alijaribu mu Madhya Pradesh: chama chake kiliahidi mazizi ya ng'ombe mu kila kijiji, naye akajionyesha muumini kuliko wenye kazi ile. Mu 2023 Congress ilipata viti 66 kati ya 230, BJP 163. Anayetaka wimbo wa BJP ataenda kwa mwenye wimbo. Na yule aliyetaka wimbo mwingine alibaki bila muimbaji.

Sasa nije mu fani yangu, juu pale njo somo lenyewe liko.

Mu Septemba 2020 serikali ya Modi ilipitisha sheria tatu za ulimaji. Kule Punjab na Haryana, ngano na mupunga vinauzwa mu masoko yanayosimamiwa na serikali, yanaitwa mandi, na serikali inanunua kwa bei ya chini iliyotangazwa mbele. Sheria mupya ziliruhusu biashara nje ya mandi bila kodi za soko, mikataba ya kulima kwa kampuni, na kuweka stoki kubwa ya vyakula karibu bila kipimo. Mu karatasi ni uhuru wa kuuza. Mulimaji aliona kingine: mununuzi mukubwa atatoa bei nzuri miaka miwili, mandi itakauka, kisha atabaki peke yake kusema bei. Mutu aliyewahi kuuza mahindi wakati wa mavuno anaelewa bila profesa.

Na hapa ninawakosoa waliberali kwa nguvu. Congress yenyewe, mu programu yake ya 2019, iliahidi kufuta sheria ya yale masoko. Yaani wasomi wa pande zote mbili walikubaliana, na aliyekuwa nje ya mazungumzo ni mwenye shamba. Kutoka mwisho wa Novemba 2020 walimaji walikaa na trakta zao mu barabara za kuingia Delhi, kule Singhu, Tikri na Ghazipur. Walipika pamoja, walilala mu baridi, na wanasiasa hawakupewa nafasi mu jukwaa lao. Tarehe 19 Novemba 2021 Modi alitangaza kwamba sheria zitafutwa. Karibu mwaka muzima. Hakuna makala ya Kiingereza iliyokuwa imemupigisha magoti vile.

Lakini tusikimbie kufurahi. Mu Machi 2022 BJP ilishinda tena Uttar Pradesh. Kusimamisha sheria haiko sawa na kushinda kura. Kati ya barabara na sanduku la kura kunahitajika chama chenye watu mu kila kijiji, na kile hakikuwako.

Kilianza kuonekana kidogo mu 2024. Rahul Gandhi alikuwa ametembea kwa miguu karibu kilometa 4,000, kutoka Kanyakumari mpaka Srinagar, kati ya Septemba 2022 na Januari 2023. Mu Uttar Pradesh, Samajwadi Party iligawa viti kwa kuangalia makabila ya chini na Dalit, si familia moja tu. BJP ilisema inataka kupita viti 400, na watu wa chini wakajiuliza: 400 ya kufanya nini? Kubadilisha Katiba? Kutuondolea nafasi zetu za masomo na za kazi? Pale, ndugu zangu, kitu kikubwa kilitokea. Katiba iliacha kuwa kitabu cha maavoka. Ikawa nafasi ya mutoto wa Dalit mu iniversite. BJP ikashuka mpaka 240, ikahitaji washirika ili itawale, Congress ikapanda 99. Hata Faizabad, pahali Ayodhya iko, miezi mitano kisha hekalu la Ram kufunguliwa, ilimuchagua Awadhesh Prasad, Dalit wa Samajwadi Party.

Njo maana ninasema: waliberali hawatapona kwa kuwa na hoja nzuri zaidi. Wanapona pale haki inageuka kitu mutu anaweza kushika, na aliyeileta anabaki kisha kura. Na wanarudi kuanguka pale wanapofikiri wamemaliza. Miezi minne tu kisha ile 2024, mu Haryana, inchi ya wale walimaji wenyewe, Congress ilijiona imeshinda mbele ya kuhesabu. BJP ilipata 48, wao 37.

Iko bado swali linalonisumbua, na sitalificha. Ile kupona ya 2024 ilikuwa na kimya ndani. Waislamu ni karibu 14% ya watu wa India, lakini mu lile Bunge waliingia 24 tu kati ya 543, na mu BJP hata mumoja. Wapinzani waliogopa kutaja jina lao kwa sauti, ili wasipoteze kura za wengine. Bei ya ngano, sawa. Kazi, sawa. Lakini kama unarudi mu nguvu kwa kumuficha jirani yako mulangoni, umerudisha nini? Chama kinaweza kupona na uliberali ukabaki mugonjwa. Mimi naona dawa iko kule kule barabarani: mu Singhu, Sikh, Muhindu na Muislamu walikula mu sufuria moja juu walikuwa na shida moja, na hakuna aliyeombwa kuficha jina lake.

Waswahili wanasema muchagua jembe si mulimaji. Waliberali wa India wamechagua jembe muda murefu: lugha gani, kiongozi gani, wimbo gani. Nasi wenye kuandika ripoti za mu kijiji kwa Kifaransa ambacho kijiji hakisomi, tusiwacheke sana.