Sikio la Fundi

Fundi aliushika mpira mwembamba wa maji, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Ncha moja akaiweka sikioni. Ile nyingine akaipitisha polepole juu ya injini iliyokuwa ikiunguruma: kando ya kichwa cha silinda, kwenye shina la kila nozeli, kisha chini, kwenye mpira mpana unaopitisha hewa. Hapo akasimama. Akaniita kwa kidole.

"Mwalimu, njoo usikie."

Nikainama, nikasikia sauti nyembamba, kama ya mtu anayefyonza chai ya moto.

"Hewa ya wizi," akasema.

Ilikuwa Oktoba 2023, katika gereji ya mabati nje kidogo ya mji wa Machakos, upande wa barabara ya kwenda Kitui. Sikuwa nimekwenda kutafuta ufa kwenye mpira wa hewa. Nilikwenda kuuliza ingegharimu kiasi gani kuifungia gari yangu mfumo wa gesi.

Petroli ilikuwa imenishinda. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipandisha kodi ya VAT kwenye petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na sheria hiyohiyo ikaiondolea gesi ya mitungi kodi hiyo. Kufikia Oktoba lita moja ilikuwa shilingi 217.36 jijini Nairobi. Kwenda Nairobi na kurudi ni kilomita 130 hivi, na gari yangu ilikuwa inakunywa lita 17. Kwa bei hiyo ni karibu shilingi 3,700 kila safari. Mtu wa pensheni akiona petroli inaongezewa kodi na gesi inapunguziwa, hahitaji kushawishiwa.

Gari yenyewe ni Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, ya muundo ambao kiwanda kiliuita W123. Muundo huo ulitengenezwa hadi 1986, na yakatoka magari takriban milioni 2.7. Marehemu baba aliinunua kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, enzi ambazo Kiswahili kilikwisha kuwapa wenye magari hayo jina lao, Wabenzi, kwa ngeli ya watu, kana kwamba ni kabila. Baba hakuwa wa kabila hilo. Alikuwa mtu aliyependa kitu kilichotengenezwa vizuri, akajinyima ili awe nacho. Ndani ya gari aliacha daftari la jalada gumu, na juu ya jalada ameandika kwa mkono wake: Mali bila daftari hupotea bila habari. Humo mna kila oili iliyobadilishwa, kila plagi, kila gasketi, na kilomita zilizosomwa siku hiyo.

Siku hizi sheria hairuhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwa hiyo Benzi ya umri huu ukiiona inateremka kuelekea Kyumbi asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya vilima vya Iveti, ujue kwamba ipo hapa tangu zamani, na kwamba kuna mikono iliyoikataza kufa. Mikono hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Ili kuielewa kazi ya sikio lile, sharti uijue injini hii. Haina kompyuta. Katika njia ya hewa mna sahani ya chuma. Injini ikivuta hewa, sahani huinuka. Ikiinuka, husukuma kijiti kinachofungua njia ya petroli. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo huongezeka. Walioibuni, kampuni ya Bosch ya Ujerumani, waliiita K-Jetronic, na kwangu ni kama mizani ya sokoni: kinachouzwa lazima kwanza kipite juu yake. Mpira ukipasuka baada ya sahani, hewa huingia bila kupimwa. Petroli haiongezeki, mchanganyiko unapungukiwa, na injini inatetemeka ukisimama kwenye taa.

Gari yangu ilikuwa imeacha kutetemeka miaka kadhaa nyuma. Fundi mmoja, mahali pengine, aliiponya kwa dakika chache, nami nikamlipa kwa furaha. Sasa nikaelewa alichofanya: alizungusha skrubu ya mchanganyiko, akaongeza petroli hadi mtetemo ukafichika. Ufa ukabaki palepale. Tangu siku hiyo, kila nilipotia mafuta nilikuwa ninaulipia ufa.

Nilimuuliza fundi wangu alijifunzia wapi kusikiliza. Alisema hakuwahi kufundishwa, alikatazwa kugusa. Alipokuwa kijana wa spana, mzee aliyemchukua hakumruhusu kufungua nati yoyote kabla ya kutaja inashikilia nini na kwa nini imelegea. Mwaka mzima alikabidhi spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, huku akisikia injini zikiingia zikiugua na kutoka zikiwa nzima. Sikio lake likawa na kumbukumbu.

Ukambani tunaijua njia hiyo ya elimu. Uchongaji wa Wamunyu, uliolipeleka jina letu katika maduka ya dunia, ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyeona kazi ya Wamakonde wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nayo nyumbani mikononi. Hakuleta kitabu. Waliomfuata walijifunza kwa kukaa karibu na tezo inayofanya kazi. Mchongaji huondoa mti hadi mnyama aonekane. Fundi wa gari la zamani huondoa nyongeza za watu, waya zilizoungwa kwa pupa, skrubu zilizozungushwa kwa kukisia, hadi ionekane tena fikra ya aliyelitengeneza.

Nikamrudisha kwenye gesi. Hakuidharau, ameifunga kwenye magari kadhaa, na angeweza kuchukua pesa zangu siku ileile. Akanieleza akiwa ameketi juu ya tairi. Gesi ya magari ni propani na butani, ndugu ya ile ya jikoni, inayokaa ndani ya tangi ikiwa kimiminika. Tangi halijazwi kupita asilimia 80, ili joto likipanda kimiminika kipate nafasi ya kutanuka. Maji moto ya injini hupitishwa kwenye kifaa kinachoigeuza gesi kuwa mvuke, kisha ikavutwa pamoja na hewa. Inaungua safi, na oili huchelewa kuwa nyeusi. Lakini lita moja ya gesi ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli, kwa hiyo utahitaji lita zaidi, kama robo hivi, kwa mwendo uleule. Anayelinganisha bei za lita peke yake anajidanganya.

Kisha akasema neno lililoniamulia. Katika mfumo wa kawaida unaofungwa kwenye injini kama hii, njia yote ya hewa hujaa mchanganyiko wa gesi. Waya za plagi zikiwa zimechoka, au kukiwa na ufa, moto unaweza kuruka kinyumenyume. Na kinachokaa katika njia hiyo ni ile sahani. Mlipuko mmoja unatosha kuipinda na kulipasua sanduku lake. "Gesi haina subira na gari bovu," akasema. "Petroli ilikufichia. Gesi ingekuvunjia."

Hakuishia hapo. Akanionya juu ya wanaofunga mtungi wa jikoni kwenye buti. Mtungi ule umeundwa kutoa mvuke kwa juu, ukiwa umesimama, umetulia. Tangi la gari hutoa kimiminika kutoka chini, lina vali zake za kulinda, na limefungwa kustahimili kishindo. Gesi hii pia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, hutambaa chini na kukaa shimoni ikisubiri cheche. Miezi michache baadaye, usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa, nami nikakumbuka alivyoteremsha kiganja kuelekea sakafu aliponieleza.

Nilimtajia Dar es Salaam, ambako teksi na bajaji hutembea kwa gesi. Akatikisa kichwa. Ile ni gesi nyingine, gesi asilia, inayobanwa kwa mgandamizo mkubwa sana ndani ya mitungi mizito. Watanzania wanaichimba kwao, Songo Songo, na bomba linaifikisha jijini. Sisi hatuna kisima wala bomba. Gesi yetu inakuja kwa meli, na vituo vya kujazia magari ni vichache. Kifaa kizuri mahali pasipokifaa ni mzigo.

Basi tukaanza na ufa. Kazi ilichukua siku mbili. Alibadilisha mpira wa hewa, vipete vya raba vya nozeli vilivyokuwa vimekauka kama maganda, waya za plagi, kofia ya distributa na rota. Mwisho kabisa, injini ikiwa imepata moto sawasawa, aliigusa ile skrubu. Aliirudisha kidogo, akasikiliza. Akairudisha tena, pungufu ya robo ya mzunguko. Redio ya gereji ikazimwa, na kijana wake akaacha kugonga chuma bila kuambiwa. Injini ikashuka, ikatulia, ikawa na sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba akiwa hai.

Jumamosi nilikwenda Nairobi na kurudi. Lita 14.

Tatu nzima zilikuwa zimetoka katika ufa mmoja. Nikapiga hesabu upya. Dereva wa teksi anayezunguka kutwa, mwenye kituo cha gesi karibu na mfumo uliofungwa na mjuzi, anaweza kurudisha gharama zake haraka, na simzuii. Mimi husafiri mara moja kwa wiki. Ningehitaji muda mrefu zaidi kuirudisha bei ya tangi, huku tangi lenyewe likinila nafasi ya buti. Halafu gari iliyo tayari kwa gesi ni gari iliyokwisha kurekebishwa, na ikisharekebishwa, sehemu kubwa ya njaa yake imekwisha.

Niliporudi kumshukuru, fundi alikuwa chini ya lori la mawe. Juu ya injini ya Peugeot kuukuu ameinama yule kijana, mpira wa maji sikioni, macho ameyafumba. Nilimsalimu. Hakunisikia.

Jioni nilifungua daftari la baba. Chini ya mwandiko wake nikaandika tarehe, kilomita, mpira wa hewa, waya za plagi, lita 14. Nikafikiri kidogo, nikaongeza mstari mmoja: Gesi, bado.