Kila Kimoja na Vyote Pamoja: Kosa Moja katika Kitabu cha Cauchy

Kitabu cha Augustin-Louis Cauchy, Cours d'analyse, kilichotolewa Paris mwaka 1821, kimepata sifa kubwa katika elimu ya hesabu, na sifa hizo ni haki yake, kwani mtungaji alitaka kila hatua ithibitishwe. Kwa sababu hiyohiyo yafaa kitabu kipimwe kwa kipimo chake chenyewe, hasa pale kinapotoka kwenye fanksheni ya kigeu kimoja na kuingia kwenye fanksheni za vigeu vingi.

Hapo Cauchy adai ya kuwa fanksheni ikiwa na mwendelezo kwa kila kigeu karibu na nukta fulani, basi vigeu vyote vikiikaribia nukta hiyo pamoja, fanksheni nayo huikaribia thamani yake ya hapo. Hoja yake ni nyepesi: kigeu cha kwanza kikisogezwa kidogo, fanksheni hubadilika kidogo, cha pili kikisogezwa, hubadilika kidogo tena, na jumla ya mabadiliko madogo ni ndogo.

Hoja hiyo yapendeza, walakini haisimami. Na ichukuliwe fanksheni ya xy kugawanywa kwa x² + y², nayo ipewe thamani ya 0 pale x na y zote mbili zinapokuwa 0. Juu ya mhimili wa x, na juu ya mhimili wa y, thamani ni 0 tupu. Na kwenye mistari mingine yote iliyo sambamba na mihimili hiyo, kigawanyo si 0, wala mwendelezo haukatiki. Bali x na y zote zikiwa 1/100, juu ni 1/10000 na chini ni 2/10000. Jibu ni nusu. Zikiwa 1/1000, jibu ni nusu vilevile. Penye 0 hapana kikomo.

Kosa limo katika hatua ya pili. Ili thamani iwe chini ya 1/100, y ikianza kwenye 0, sharti isizidi takriban sehemu moja kwa mia ya x. Kadiri x inavyopungua ndivyo nafasi ya y inavyobana, hali hoja ya Cauchy yahitaji nafasi hiyo isibadilike. Wapo wanahistoria wanaomtetea kwa kusema ya kuwa maana yake ya mwendelezo ilikuwa pana kuliko yetu. Huenda ikawa hivyo. Lakini msomaji hakupewa maana hiyo waziwazi, na anayedai uthibitisho hudaiwa uwazi pia.

Mwaka 1870 Johannes Thomae, Mjerumani, alichapisha mfano wa kulipinga dai hilo. Mwaka 1884 Giuseppe Peano, katika kitabu kilichotoka kwa jina la mwalimu wake Angelo Genocchi, alikwenda mbali zaidi: xy² kugawanywa kwa x² + y⁴. Fanksheni hii huishia 0 katika kila mstari mnyofu upitao penye 0. Ajabu ni kwamba katika njia ya kupinda, ambapo x ni sawa na y², jibu ni nusu daima: y ikiwa 1/10 na x 1/100, ni nusu.

Basi kosa hili ni la lugha kabla ya kuwa la hesabu. Msemaji wa Kiswahili ajua ya kuwa kuwauliza watu mmoja mmoja si sawa na kuwakutanisha barazani. "Kila kimoja" si "vyote pamoja", na hata "kila mstari" si "kila njia". Maana iliyo sahihi hailitaji njia lolote: hutaka umbali mmoja kuizunguka nukta, ambao ndani yake nukta zote, popote zilipo, huipa fanksheni thamani iliyo karibu na kikomo kama itakiwavyo. Hivyo x²y kugawanywa kwa x² + y² ina kikomo 0, kwa kuwa ukubwa wake hauwezi kuupita ukubwa wa y.

Mwanafunzi ajaribuye njia mbili akapata majibu mawili amekwisha kuthibitisha ya kuwa kikomo hakipo. Ajaribuye njia elfu akapata jibu moja hajathibitisha kitu.