Ntheo si Mahari: Uhakiki wa Istilahi za Ndoa katika Eneo la Mwala

Waandishi wengi wa Kiswahili waelezapo arusi ya Wakamba hulichukua neno moja, mahari, na kulitandika juu ya kila kitu kitokacho kwa mume kwenda kwa wakweze. Mazoea haya yana kasoro, na mila za Mwala, katika Machakos, zaidhihirisha.

Mahari ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu ni haki ya bibi arusi mwenyewe, si ya babaye. Mbuzi wa ntheo, kinyume chake, hupelekwa kwa wazazi wa binti, na nyama ya anayechinjwa huliwa na jamaa. Ntheo si bei wala arubuni ya bei. Ni tendo lenyewe la kufunga ndoa. Mifugo mingine hufuata kwa awamu, pengine kwa miaka mingi. Mwanamke asiyetolewa ntheo, hata akiwa amezaa, mila haimhesabu kuwa ameolewa.

Hapo ndipo tafsiri igeukapo kuwa jambo la haki. Katika mashauri ya urithi, mahakama za Kenya zimeuliza mara kwa mara kama ntheo ilifanywa. Shahidi asemaye tu kwamba mahari ilitolewa hajalijibu swali hilo, na mjane aweza kupoteza shamba kwa sababu ya neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo haikuuondoa utata: yaeleza kwamba, pale mahari yahitajikapo kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara chatosha. Lakini ntheo haipimwi kwa kiasi. Ama imefanywa, ama haikufanywa.

Kadhalika, neno ukwe halitoshi kufasiri uthoni. Mzizi wake ndio ulio katika nthoni, yaani haya, na mila ilimtaka mume amwepuke mama mkwe wake kwa heshima. Ukwe wataja uhusiano tu. Uthoni wataja uhusiano pamoja na adabu yake.

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili sanifu hakiwezi kubeba kila neno la lugha jirani. Dai hili ni dhaifu. Wanaisimu wenyewe walilipokea neno ngeli kutoka Kihaya, nalo leo halimshangazi mwanafunzi yeyote. Ntheo yastahili kupokewa vivyo hivyo, na kamusi iifafanue kwa maana yake, si kwa maana ya pwani.