Kulitazama Jino Likikauka

Ukiitazama kwa mbali, kazi hii haina cha kusisimua. Mtoto wa shule ameketi kwenye kiti, uso kauelekeza dirishani penye mwanga. Daktari wa meno yuko mbele yake na kioo kidogo cha mpini. Pembeni yuko karani na fomu zake. Daktari anayafuta meno ya mbele kwa pamba, anapachika vipande vingine kati ya mdomo na ufizi ili mate yasirudi, kisha anatulia. Anangoja jino likauke. Halafu anataja tarakimu, namba ya jino kisha daraja lake: moja-moja, tatu, mbili-moja, tatu. Karani anazirudia kwa sauti huku akiandika. Mtoto anashuka, anapanda mwenzake.

Hivi ndivyo hupimwa athari ya floraidi kwenye meno, zile alama zinazoanzia mistari myeupe na kuishia kwenye meno ya kahawia yaliyomeguka, ambazo wenyeji wa miteremko ya Mlima Meru wanazijua tangu utotoni. Miamba ya volkano huko imejaa floraidi, maji yanaibeba, watu wanayanywa. Wanafunzi wa udaktari wa meno hufundishwa mambo mengi ya kung'arisha macho, upasuaji wa taya, midomo iliyopasuka kushonwa ikaungana. Mimi huwa navutiwa zaidi na yule anayengoja jino likauke.

Kungoja huko kuna sababu yake. Enameli, gamba gumu la jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Mtoto akipata floraidi nyingi wakati jino lingali linaundwa ndani ya taya, madini hayo hayajazi sawasawa. Chini kidogo ya uso wa jino hubaki vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Jino likiwa na mate, vitundu vimejaa maji na mwanga unapita bila kusumbuka sana. Likikauka, hewa inaingia badala ya maji, mwanga unatawanyika, na weupe uliokuwa umejificha unajitokeza. Kitambaa chepesi cheupe nacho hufanya hivyo: kikilowa unaona kilicho nyuma yake, kikikauka kinaziba. Wanafizikia wana tarakimu za kupinda kwa mwanga: enameli 1.62, maji 1.33, hewa 1.00. Daktari hana mashine ya kupimia hayo pale darasani. Ana pamba na subira.

Walioufanya ukaushaji huu kuwa sharti ni Wadenmarki wawili, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov, katika makala yao ya mwaka 1978, na meno waliyojifunzia yalikuwa ya watoto wa Tanzania. Kabla yao kilichotawala ni kipimo cha Mmarekani H. Trendley Dean cha mwaka 1934, chenye madaraja kama "hafifu sana", "hafifu" na "wastani". Dean alifanya kazi kubwa, sitaki kumpunja. Lakini neno "wastani" linabeba chochote msemaji anachotaka libebe. Thylstrup na Fejerskov walichukua meno, wakayakata vipande vyembamba, wakayachunguza kwa hadubini, kisha wakauliza: kile jicho linachokiona nje kinalingana na nini ndani? Kipimo chao, 0 hadi 9, kilitoka kwenye jibu hilo. Moja ni mistari myembamba myeupe inayokatiza jino, ikifuata mikunjo midogo ya ukuaji. Tatu, mistari imeungana kuwa mawingu. Nne, uso wote ni chaki. Tano, vishimo vinaanza. Tisa, jino limepoteza sehemu kubwa ya gamba lake hata umbo limebadilika.

Kati ya nne na tano pana jambo lililobadili namna ya kufikiri. Vishimo havikuja na jino. Jino linaota likiwa zima, jeupe kama chaki, uso wake mwembamba ukifunika udhaifu wa chini. Ni kutafuna na kusuguana kunakokuja kuuvunja uso huo, na rangi ya kahawia inaingia baadaye. Mzazi anayedhani rangi hiyo imetokana na mwanawe kutopiga mswaki anamwonea bure.

Sasa, jicho la binadamu halikai mahali pamoja. Asubuhi linakuwa kali, mchana baada ya watoto hamsini linalegea, na mtu aliyetoka kuona tisa huiona tatu kama si kitu. Kwa hiyo watafiti hupimana kwanza. Wawili wanakagua watoto walewale, kila mmoja peke yake, kisha majibu yanalinganishwa. Baadhi ya watoto huitwa tena siku nyingine, na daktari haonyeshwi alichokisema mwanzo. Kulingana kwao huhesabiwa kwa kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, kappa, ambacho huondoa kwanza makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Wakikubaliana kikamilifu wanapata 1; ikizidi 0.8, kwa desturi huhesabiwa kuwa nzuri sana. Mtaalamu wa miaka mingi anakubali kuulizwa mara mbili swali lilelile ili ijulikane kama anajipinga. Ni fani ngapi zinazowafanyia hivyo wakubwa wao?

Na jino lenyewe ni shahidi mwenye kumbukumbu ndefu. Taji la jino la mbele la juu huanza kujengwa miezi michache baada ya kuzaliwa, likakamilika kwenye miaka minne au mitano. Anayelisoma kwa mtoto wa darasa la tano anasoma kilichopita kinywani mwake kabla hajaanza shule. Hapo ndipo magadi yalipokamatwa. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Uholanzi walikuta alama hizi hata mahali ambapo maji hayakuwa na floraidi ya kutisha, na uchunguzi ukaelekea kwenye chungu cha maharage, kwa kuwa magadi mengine yanayolainishia vyakula yana floraidi nyingi. Maji peke yake yasingewaambia hivyo.

Tarakimu za karani zina kazi nyingine tena: kuonyesha kama juhudi za kupunguza floraidi kwenye maji zinawafaa watoto. Kiwango cha muda cha Tanzania cha miaka ya 1970 kiliruhusu miligramu 8 za floraidi kwa lita ya maji ya vijijini, kwa sababu kupata maji yoyote ndiyo ilikuwa shida ya kwanza; leo ni 1.5, sawa na pendekezo la Shirika la Afya Duniani. Ngurdoto, karibu na Arusha, kipo kituo cha utafiti ambako mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri ikawa chembechembe za kuchujia maji. Mfupa una madini ya jamii moja na ya jino, na floraidi huyapenda, hivyo hunaswa humo kabla maji hayajafika kwenye kikombe.

Kama chujio linafaa, mashine ya maabara inasema siku hiyohiyo. Meno hayana haraka hiyo. Mtoto aliyeanza kunywa maji ya chujio tangu kuzaliwa hataota meno ya mbele ya ukubwani hadi afikishe miaka saba hivi, na ndipo daktari anaweza kuja na pamba zake, amwelekeze dirishani, ayafute, angoje.