Koo, Chumba na Maikrofoni

Sauti ya mwanamume anayeimba roki hubadilika ndani ya wimbo mmoja kana kwamba imetoka kwa watu wawili. Katika ubeti hukaa chini, karibu na mazungumzo ya kawaida, penye masafa ya hezi 100 na ushee. Kiitikio kinapowadia hupanda oktava nzima au zaidi, hukwaruza, na nguvu yake huongezeka ghafla mno. Maikrofoni inayofaa ni ile inayozipokea hali zote mbili bila kuififisha ya kwanza wala kuivuruga ya pili. Kuipata ni kazi ya sikio na subira, ingawa siku hizi inahesabiwa kuwa kazi ya mkoba.

Mafundi mitambo wa zamani walianza na aina kabla ya jina la kampuni. Maikrofoni ya dainamiki ina utando uliounganishwa na koili ya waya iliyo ndani ya sumaku. Utando huo hautikisiki kirahisi, kwa hiyo hustahimili mtu anayefoka karibu na hupuuza vitu vingi vya mbali. Ya kondensa ina utando mwembamba sana na huhitaji umeme, kwa kawaida volti 48 kutoka kwenye mtambo; hunasa pumzi, mate mdomoni na mlango unaofungwa chumba cha tatu.

Kutokana na tofauti hiyo imezuka kanuni kwamba roki ni ya dainamiki, na kanuni hiyo ni nusu ya ukweli. Tarehe 11 Februari 1963, mwishoni mwa siku nzima ya kurekodi, John Lennon wa Beatles aliimba "Twist and Shout" akiwa na mafua na koo limekwisha. Mbele yake ilikuwa kondensa ya Neumann, nayo ilibeba kila mkwaruzo. Ila chumba chenyewe kilikuwa Studio 2 ya EMI katika barabara ya Abbey, London, ukumbi mpana uliojengwa kwa ajili ya sauti. Kondensa haichagui, hurekodi mwimbaji pamoja na kuta zake, na kuta za chumba cha kulala mara nyingi hazistahili kurekodiwa.

Kwa upande wa nyumbani hakuna mfano ulio bora kuliko *Nebraska* ya Bruce Springsteen. Mwanzoni mwa Januari 1982, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, msaidizi wake aliyekuwa akitunza magitaa alimwekea mtambo mdogo wa kaseti wenye njia nne, TEAC 144, pamoja na maikrofoni mbili za Shure SM57. Springsteen aliketi chumbani akaimba. Nia ilikuwa kutengeneza kanda ya majaribio tu, ili wanamuziki wake wazisikie nyimbo mpya kabla ya kwenda studio. Kaseti hiyo aliitembeza mfukoni kwa wiki kadhaa, haina hata kasha. Bendi ilipojaribu kuzirekodi upya nyimbo zile kwa vifaa vikubwa, kitu fulani kilipotea, na ikaamuliwa kwamba kaseti ileile ndiyo itoke. Ilitoka Septemba mwaka huohuo.

Inafaa kuisikiliza albamu hiyo kwa makini ya fundi. Katika "State Trooper" mwimbaji ananong'ona karibu muda wote juu ya gitaa linalorudiarudia, kisha analia kwa ghafla kama mtu aliyechomwa. SM57 inavipokea vyote viwili. Haipambi mnong'ono na haikimbii kilio. Maikrofoni hiyo ilikuwa sokoni tangu 1965, na mpaka leo inauzwa takriban dola 100, wakati Neumann U 87 inavuka dola 3,000. Aliyeshika kaseti ile mfukoni angeweza kumudu yoyote. Kilichoifanya ya bei nafuu itoshe ni kwamba ilikaa mahali pake, na mtu aliyekuwa mbele yake alijua anachotaka kusema.

Hata hivyo SM57 na dada yake SM58 si dawa ya kila koo. Zote huinua kidogo masafa ya hezi elfu kadhaa, pale panapokaa ukali wa konsonanti. Mwenye sauti nzito iliyozibwa husaidika, maneno yake hutokeza katikati ya magitaa. Mwenye sauti nyembamba ya puani huumizwa, na wasikilizaji wake huumizwa naye. Kwa huyu wa pili mafundi wengi huichukua Shure SM7, iliyo tulivu zaidi juu. Fundi Bruce Swedien aliitumia kumrekodi Michael Jackson katika *Thriller*. Udhaifu wa SM7 ni kwamba hutoa umeme mdogo, kwa hiyo huhitaji kikuza sauti chenye kiasi cha desibeli 60 zilizo safi. Vifaa vidogo vya nyumbani vikisukumwa hadi hapo huanza kutoa mvumo, na lawama huangukia maikrofoni isiyo na kosa. Electro-Voice RE20, ya 1968, ilitatua jambo jingine: imeundwa ili besi isivimbe mwimbaji anapoikaribia.

Kuvimba huko ndiko kunakofanya umbali uwe na uzito sawa na chaguo lenyewe. Maikrofoni zinazosikia zaidi upande wa mbele huongeza besi kadiri mdomo unavyozikaribia. Kwa umbali wa vidole vitatu, mwimbaji mwenye sauti nyepesi hupata kifua. Kwa umbali huohuo, mwenye sauti nzito huzama. Shubiri moja ni pa kuanzia kwa wengi. Kuigeuza maikrofoni kidogo pembeni mwa mdomo huzuia mipasuko ya "p" na "b" isipige utando moja kwa moja. Mwaka 1977, katika studio ya Hansa, Berlin, mtayarishaji Tony Visconti aliweka maikrofoni tatu kwa ajili ya David Bowie katika "Heroes": ya kwanza karibu shubiri moja, ya pili kama mita 6, ya tatu kama mita 15, hizi mbili za mbali zikifunguka tu sauti ilipofika kiwango fulani. Bowie alilazimika kupaza sauti ili ukumbi umjibu. Ule mpando wa wimbo hauna siri nyingine.

Nyumbani ukumbi haupo, na chumba kidogo hujibu vibaya. Magodoro, mablanketi mazito na kabati lililojaa nguo hufyonza sauti. Trei za mayai hazifyonzi kitu cha maana. Mwenye sakafu ya vigae na pangaboi hana budi kulizima pangaboi, na chini ya bati asubiri mvua ipite. Maikrofoni ya upande mmoja ina mgongo usiosikia vizuri, na mgongo huo ndio unaopaswa kuelekezwa dirishani kwenye kelele za barabara. Jambo hili dogo halihitaji fedha, na ni nadra kuona likifanywa.

Baada ya hayo hubaki kujaribu. Maikrofoni mbili au tatu huazimwa, mwimbaji huimba kiitikio kilekile kwa nguvu zote, katika umbali uleule. Kuhesabu moja, mbili, tatu hakuonyeshi lolote, kwa maana koo halijaamka. Rekodi hizo husawazishwa ukubwa wa sauti, maana yenye sauti kubwa hudanganya sikio kuwa ndiyo nzuri, kisha husikilizwa pamoja na magitaa na ngoma bila kujua ipi ni ipi. Desturi hii inakufa. Maikrofoni hununuliwa kwa picha, na kasoro za saa ya kuimba huachiwa kompyuta, ambayo huweza kupunguza ukali lakini haiwezi kurudisha pumzi ambayo haikunaswa.

Desturi hii ilirithishwa kwa mkono. Fundi Geoff Emerick aliingia EMI mwaka 1962 akiwa bado kijana, akafunga kanda na kutazama wakubwa kabla ya kukabidhiwa Beatles mwaka 1966. Nyumba nyingi zilizolea watu hivyo zimefungwa: Hit Factory ya New York mwaka 2005, Olympic ya London mwaka 2009. Nyumbani, mwimbaji na fundi ni mtu mmoja. Anapoimba, sauti yake humfikia pia kupitia mifupa ya fuvu lake, nzito kuliko wanavyoisikia wengine, na hedifoni hazimwondolei hali hiyo. Hawezi kuhukumu umbali wake akiwa anafoka, na wale waliokuwa wakisimama upande wa pili wa kioo na kumwambia arudi nyuma vidole viwili hawafundishwi tena kwa wingi.