Kuta za Pichi na Baridi ya Njombe

Ukishuka Makambako usiku, pale njia panda ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Tunduma, ukachukua chumba kwenye gesti ya bei ya kati, usishangae kukuta ukuta wa rangi ya pichi. Si machungwa, si waridi, si krimu. Ni ile rangi laini iliyokaa katikati ya hizo tatu, ambayo fundi huipata kwa kumimina machungwa kidogo na njano kidogo zaidi kwenye ndoo ya rangi nyeupe ya maji, akakoroga kwa kijiti mpaka mwenye nyumba aseme "hapo hapo, usizidishe". Utaikuta pia Njombe mjini, kilomita kama 60 mbele, kwenye sebule, saluni na mageto ya vijana. Mimi naona inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki hadithi, maana nayo inatusimulia jambo.

Nianze na jina. Tunaiita pichi kana kwamba imeshuka melini jana, wakati tunda lenyewe ni fyulisi, lile lile tunaloangua nyuma ya nyumba huku nyanda za juu. Sijawahi kumsikia fundi akitaja "rangi ya fyulisi". Na hebu kata fyulisi lililoiva: nje lina wekundu upande uliopigwa na jua, ndani ni manjano, karibu na kokwa linageuka jekundu kama damu. Ukuta umechukua ile rangi moja tulivu, mengine yote umeyaacha. Si dhambi, lakini tujue kilichoachwa.

Sasa sifa zake, kwa sababu anazo mpinzani wangu huyu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai wenyeji tunajua tunavyoipata. Miezi hiyo jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba chenye dirisha la kusini tu hakipati jua hata la kuazima. Mwanga unaoingia humo ni wa anga, una ubluu fulani wa kupooza. Paka nyeupe tupu, chumba kitafanana na zahanati. Paka bluu, mgeni ataomba koti kabla hajaomba chai. Pichi inaupokea ule mwanga na kuurudisha ukiwa na uhai. Nyuso za watu waliokaa humo zinaonekana zina damu. Hapo imeshinda, nakubali.

Ila isisifiwe kwa kazi isiyoifanya. Weka kiganja ukutani saa kumi na moja alfajiri: pichi na bluu baridi yake ni moja. Rangi inadanganya jicho, ngozi haidanganyiki. Ndiyo maana hata kwenye kuta hizo nzuri bado wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha, na ile gesi ya mkaa haina rangi wala harufu, unalala nayo huamki.

Inapoharibika ni kwenye kukutana na vitu vyetu vingine. Dari zetu nyingi ni za mbao za paini, na paini kadiri inavyozeeka inageuka rangi ya asali. Chini sakafu nyekundu, juu asali, pembeni pichi, halafu makochi ya kahawia! Unakaa ndani ya chungu cha asali, bwana. Hapo ukuta ulihitaji kuwa mweupe uliochujuka kidogo, basi. Taa nayo ina lake. Balbu za zamani zenye mwanga wa njano ziliifanya pichi iwake kama makaa. Hizi nyeupe za siku hizi zinaifanya iwe kama ngozi ya mgonjwa. Usichague rangi dukani saa sita mchana. Paka kipande kama meza, kitazame usiku na taa yako mwenyewe.

Na vumbi! Udongo wa huku ni mwekundu. Baada ya masika moja, nusu mita ya chini ya ukuta wa pichi inakuwa na michirizi ya matope, viatu na migongo ya watoto. Mafundi wenye akili wanapiga mkanda wa chini kwa rangi ya mafuta, ya kahawia au ya matofali. Wanaotaka ukuta mzima uwe pichi ya mafuta inayong'aa, hao siwatetei. Plasta isipokauka vizuri, wiki nne hivi kwa ile ya saruji, na zaidi kwa baridi yetu, rangi ya mafuta inavimba malengelenge na kubanduka kama ganda la kiazi.

Hapo ndipo ugomvi wangu mkubwa na pichi. Geto moja nililopanga Njombe lilikuwa na ukuta unaovuja upande wa mvua. Mwenye nyumba hakugusa bati wala msingi. Alipiga mkono mmoja wa pichi juu ya ukungu, kodi ikapanda mwezi uliofuata. Mvua ya Machi ilipokuja, ukungu ukatokea pale pale, safari hii ukiwa na umbo la wazi zaidi kwa sababu nyuma yake palikuwa pazuri. Rangi nyingine nzito ingeficha vibaya, tungestuka. Pichi inaficha kwa upole, na mpangaji kijana anayetafuta mahali pa kumleta mchumba anatia saini.

Nanyi waandishi wenzangu mnafanya hivyo hivyo. Shujaa wa hadithi anaingia chumbani, nasi tunaambiwa kilikuwa "chumba kizuri chenye rangi ya kuvutia". Huo ni mkono mmoja juu ya ukungu. Kama mhusika wako amelala gesti ya Makambako akisubiri treni ya TAZARA, mimi sitaki mvuto. Niambie juu ya kitanda, pale pichi ilipoliwa na mafuta ya vichwa vya waliolala kabla yake, lile doa lina ukubwa gani, na kama aliusogeza mto.